Tarakilishi haitakuondolea aljebra

Kuna wimbo unaoimbwa sana na vijana wanaotaka kuandika programu: "Kutoa sehemu zenye asili tofauti ni mambo ya mtihani tu. Tarakilishi ipo, itatufanyia." Nasema hapana. Huo ni uvivu mtupu, tena ni uvivu wa hatari.

Chukua swali la kawaida la shule ya upili:

1/x − 1/(x+1)

Asili, yaani namba za chini, ni tofauti, kwa hivyo huwezi kutoa moja kwa moja. Asili ya pamoja ni x(x+1). Juu unapata (x+1) − x, inabaki 1. Jibu: 1/(x(x+1)). Kwisha.

Sasa ipe mashine swali lilelile bila kulirahisisha. Weka x = 1e16, yaani 1 na sifuri 16. Lugha nyingi huhifadhi desimali kwa biti 64, kwa kufuata kanuni za IEEE 754 za mwaka 1985. Humo, ukishapita 2^53, namba witiri hazina nafasi tena. Kwa hivyo x+1 inarudi kuwa x ileile, na mashine inakujibu 0. Andika 1/(x*(x+1)) nayo inakupa 1e-32, jibu sahihi.

Hata x ikiwa milioni 100 tu, karibu nusu ya tarakimu unazoonyeshwa ni takataka. Na hakuna ujumbe wa kosa! Programu inaendelea kama kawaida, inakudanganya kwa adabu.

Utaniambia kuna Maxima na SymPy za kurahisisha. Sawa, zipo. Lakini nani atazifungua kama hajui kuna kitu cha kurahisisha?

Walimu nao wasijifiche. Kukaririsha "zidisha asili zote" si kufundisha. Tazama hii:

1/(x²−1) − 1/(x−1)

Asili ya pamoja ni x²−1 yenyewe, kwa sababu x−1 tayari imo ndani yake. Juu ni 1 − (x+1), yaani −x. Anayesahau mabano anaandika 1 − x + 1, anapata 2 − x, na kosa hilo hilo atalibeba hadi kwenye msimbo wake.

Usiniamini mimi. Fungua Python, andika x = 1e16, ujionee mwenyewe. Halafu urudi kwenye daftari lako la hesabu.