Pesa za mlemavu zina mwenyewe

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Nyalenda, mjini Kisumu. Barua yenyewe ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa kwa mkono, na kila mstari ulionyesha kwamba aliyeiandika alikuwa na uchungu moyoni.

Mama huyu ana kijana wa miaka 24 aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Kijana hawezi kutembea, kula wala kuoga bila kusaidiwa, na maneno yake yanaeleweka na mamake pekee. Ameandikishwa katika mpango wa serikali wa kuwasaidia watu wenye ulemavu mkubwa, na mamake, ambaye huuza omena katika soko la Kibuye, ndiye anayezipokea pesa kwa niaba yake.

Kwa mwaka mzima mama alikuwa akitoa shilingi 200 katika pesa za kila mwezi na kuziweka kando bila kumwambia mtu. Mwaka ulipokwisha akamnunulia mwanawe redio. Kijana huyo ni shabiki wa Gor Mahia, na kila timu ilipocheza ilibidi abebwe hadi kwa jirani ili asikilize mpira.

Redio ilipoingia nyumbani, vita navyo vikaingia. Dada ya mumewe alifika, akaiona mezani, akauliza imenunuliwa na nani. Alipojibiwa, alipaza sauti hadi majirani wakatoka nje. "Wifi, serikali inampa mtoto pesa za chakula na dawa, wewe unanunua redio? Na ulikuwa ukizificha mwaka mzima! Chifu atasikia habari hii."

Tangu siku hiyo mama halali. Ananiuliza maswali mawili. Je, ni makosa kuweka akiba kutokana na pesa hizo? Na je, ni makosa kumnunulia mlemavu kitu ambacho si chakula wala dawa?

Mama, lala usingizi. Hukuvunja sheria yoyote.

Wasomaji wengi hawajui pesa hizi zilianzaje, kwa hivyo tueleze kidogo. Mpango wa pesa za watu wenye ulemavu mkubwa ulianza mwaka 2011, na leo uko chini ya Inua Jamii pamoja na ule wa wazee na ule wa mayatima. Nyumba inayosaidiwa ni ile maskini ambayo ndani yake kuna mtu anayehitaji kuangaliwa na mwenzake usiku na mchana. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Msingi wake ni Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu cha 43 kinaitaka serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu, na kifungu cha 54 kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima.

Pesa hizo hazikufungwa kamba ya masharti ya matumizi. Ni kweli kwamba umaskini wa nyumba hutazamwa wakati wa kuandikisha watu. Lakini zikishalipwa, mlezi haulizwi risiti ya unga wala ya sabuni.

Kuna nchi ambazo mambo si hivyo. Kule Marekani, mtu mwenye ulemavu anayepokea ruzuku inayoitwa SSI hatakiwi kuwa na mali ya kuhesabiwa, pamoja na akiba, inayozidi dola 2,000, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1989. Akiweka akiba kupita hapo, anaweza kukatiwa msaada. Ilibidi sheria nyingine itungwe mwaka 2014 kuwaruhusu baadhi yao kufungua akaunti maalum. Sisi hapa hatuna kizuizi cha namna hiyo. Wifi alikutisha bure.

Hata hivyo, tusimhukumu wifi upesi. Hofu yake ina mahali ilipotoka. Sote tumewahi kusikia juu ya mlezi anayepokea pesa asubuhi na kufikia jioni zimekwisha kwenye chang'aa au kamari, huku mwenyewe amelala kwenye mkeka uliolowa. Ndiyo maana ndugu wakiona kitu kipya nyumbani huanza kuuliza. Mlezi ameshika mali ya mwingine. Pesa za mlemavu zina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliye kitandani, hata kama hawezi kuzihesabu.

Kwa hivyo, mtu akitaka kujua kama pesa zimetumiwa vizuri, asiulize ni chakula au si chakula. Aulize: zimemfaa mwenyewe? Sukari ya wageni ni chakula, lakini haikumfaa. Redio si chakula, lakini imemfanya kijana wa miaka 24 asikilize mpira nyumbani kwake bila kubebwa mgongoni kama mzigo. Yeye pia ni mtu. Anacheka, anachoka, anapenda timu yake. Huyo wifi angekaa ndani miaka 24 akipewa uji na dawa tu, angeshukuru?

Sasa tuje kwenye hesabu, maana shilingi 2,000 si nyingi. Kiwango hicho hakijabadilika tangu mpango uanze, na kila mpishi anajua gorogoro la mahindi halikubaki pale lilipokuwa mwaka 2011. Aidha, malipo huchelewa mara kwa mara, pengine yakaja ya miezi kadhaa kwa pamoja.

Hapo ndipo akina mama wa kando ya ziwa wanaweza kutufundisha. Muuza omena yeyote, awe wa Dunga, Usenge au Mbita, anajua kwamba ziwa halitoi kila siku. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti samaki. Tena kuna ile miezi ya Aprili hadi Julai ambapo uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane. Mama mwenye busara hangoji Aprili ifike ndipo afikirie. Huanza kujiwekea mapema. Pesa za serikali nazo zichukuliwe vivyo hivyo. Leo zimekuja, kesho huenda mbalamwezi ikawaka.

Kwanza, tenga ya lazima: chakula cha mgonjwa, sabuni, nepi au vitambaa, na nauli ya kliniki. Hii isiguswe.

Pili, fikiria bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, mamlaka ya SHA ilipochukua mahali pa NHIF, nyumba isiyo na mshahara hukadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima pamoja, yaani shilingi 3,600 au zaidi. Anayengoja siku ya kulipa atakopa. Anayeweka 300 kila mwezi hatashtuka.

Tatu, weka akiba hata kama ni ndogo. Shilingi 200 kwa mwezi ni 2,400 kwa mwaka. Hiyo ni redio, au godoro, au kuku wachache wa kuanza kufuga. Akiba haiozi.

Nne, malimbikizo yakija, usidhani umetajirika. Ya miezi mitatu ni shilingi 6,000, lakini katika miezi hiyo mitatu mlikula kwa mkopo. Lipa duka kwanza, kisha tenga ya mwezi unaokuja, ndipo uangalie kilichobaki.

Akiba hiyo iwekwe wapi? Wengi watasema nyoluoro, ule mchango wa kupokezana ambao umesomesha watoto wengi katika Nyanza. Sina ubaya na nyoluoro. Ila usiingize humo pesa za chakula cha mlemavu, kwa maana zamu yako inaweza kuwa ya mwisho na njaa haingoji zamu. Ingiza ile akiba tu, na katika kikundi ambacho watu wake unawajua. Usikubali pia kuzitumia kumdhamini mwenzako anayekopa. Kama hupendi vikundi, ziache katika akaunti au katika simu, mradi nambari ya siri ibaki siri.

Nikiwa hapo, niseme jambo linaloniudhi. Baadhi ya wenye maduka huchukua kitambulisho na kadi ya benki ya mlezi, eti ni dhamana ya mkopo wa unga. Siku ya malipo wanakwenda kuzitoa wenyewe na kujikatia wanachotaka. Mama, deni lilipe kwa mkono wako. Kadi na kitambulisho visitoke nyumbani.

Tena si kila hitaji linunuliwe kwa hizo 2,000. Kiti cha magurudumu, kwa mfano, kinaweza kuombwa kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina hazina ya kusaidia watu kupata vifaa. Lakini ni lazima mlemavu awe amepimwa hospitalini na kuandikishwa. Wakazi wa Kisumu wanaweza kuulizia upimaji katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia. Nenda ukaulize kabla ya kuuza mbuzi.

Jambo la mwisho, mama, na hapa nitakulaumu kidogo. Ulificha. Nia yako ilikuwa safi, lakini kilichofichwa hata kikiwa kizuri hutiliwa shaka. Nunua daftari dogo. Andika siku pesa zilipoingia, zilivyotumika na zilizobaki. Mwite mtu mmoja wa jamii awe shahidi. Kama ningekuwa wewe, ningemchagua wifi huyo huyo. Mwenye kelele akishikishwa daftari huwa mlinzi mzuri.

Na kabla ya kununua chochote, muulize mwanao. Umesema wewe pekee ndiye unayeyaelewa maneno yake. Basi wewe ndiwe mdomo wake katika nyumba hiyo. Mwambie zimebaki kiasi gani, mtajie vitu viwili au vitatu, umtazame anachokitaka. Wengi wetu tunawalisha walemavu wetu, tunawaosha na kuwavalisha, lakini hatujawahi kuwauliza swali hilo hata mara moja.

Gor Mahia wakicheza tena, mwite wifi aje asikilize. Mwache aketi karibu na kijana bao linapofungwa. Nadhani habari ya chifu itakwisha hapo.