Steringi Akifa, Aachwe Alale

Julai 27, 2024, mjini San Diego, Marekani, kampuni ya Marvel ilimpandisha jukwaani mtu aliyevaa kinyago na joho la kijani. Alipokivua kinyago, ukumbi mzima ulilipuka kwa kelele. Alikuwa Robert Downey Jr., mwigizaji ambaye miaka mitano kabla dunia ilimwona akifa katika nafasi ya Tony Stark, mwishoni mwa Avengers: Endgame. Tukaambiwa anarudi katika Avengers: Doomsday, filamu iliyopangiwa Desemba 18, 2026, safari hii akiwa adui aitwaye Doom. Desemba 2025 kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba Steve Rogers, ambaye filamu ileile ya 2019 ilimuaga akiwa mzee wa mvi, naye yuko njiani. Na kwa kuwa mwongozaji Ryan Coogler amekwisha kusema kwamba Black Panther ya tatu ndiyo kazi yake inayofuata, wapo mashabiki wanaodai kwamba zamu ya T'Challa, mfalme aliyezikwa katika filamu ya pili, imefika: atafutwe mwigizaji mwingine, avishwe lile vazi jeusi, mambo yaendelee. Uamuzi wa kumrudisha Downey unakera. Dai la kumrudisha T'Challa linakera zaidi, na Nairobi, mji ulioipokea filamu ya kwanza kama mtoto wake wa kuzaa, haufai kuliunga mkono.

Mtu akiuliza kama mwendelezo unaweza kuifikia filamu ya kwanza, wengi hukimbilia kupima ukubwa: vita vingi zaidi, wanyama wa ajabu zaidi, skrini pana zaidi. Kwa mizani hiyo karibu kila mwendelezo ungeshinda, maana mwendelezo kwa kawaida hupewa pesa nyingi kuliko mama yake. Mizani hiyo ni mbovu. Filamu ya kwanza hupendwa kwa sababu ndani yake kuna mtu aliyelipa, na mtazamaji aliyashuhudia malipo. Mwendelezo unaokubali kwamba deni lile lililipwa, tena kwa damu, unaweza kuifikia filamu ya kwanza, na mara chache hata kuipita. Unaomrudishia mlipaji pesa zake na kujifanya hakuna kilichotokea hauwezi kufika, hata uongezewe mabilioni mangapi.

Katika vibanda vya video vya Kawangware, Kangemi na Kibera, watazamaji wamelelewa na kanuni moja: steringi hafi. Risasi zitamkosa, gari litapinduka na atatoka akijipangusa vumbi, na sauti ya DJ anayesimulia juu ya filamu kwa Kiswahili na Sheng itawahakikishia waliobanana kwenye mabenchi kwamba mtu wao yuko salama. Kwa burudani ya jioni moja kanuni hiyo inatosha kabisa. Lakini zichunguze filamu za bunilizi ya kisayansi ambazo watu hawachoki kuzirudia, ambazo mzazi humwekea mwanawe aone alichokiona yeye. Nyingi kati ya hizo ziliivunja kanuni. Zilimchukua mtu uliyempenda, zikamtoa, na hazikuomba radhi. Uchungu huo ndio uliozibakisha kichwani.

Wanaotetea kila mwendelezo wana hoja zao, na si haki kuzipita bila kuzitaja. Wanasema kumbi za sinema ni biashara. Kwamba katika kumbi za Nairobi taa hazibaki zikiwaka kwa filamu za wasanii wasiojulikana, na kwamba jina kubwa ndilo linalolipa mishahara ya wakata tiketi. Ni kweli. Wanasema pia mashabiki ndio wanaotaka. Hilo nalo ni kweli, ingawa mtoto naye hutaka peremende kabla ya chakula. Hoja zote mbili zinaeleza kwa nini miendelezo hutengenezwa. Hazisemi lolote kuhusu kama inafaa kutazamwa.

Tuitazame The Terminator ya 1984. Kyle Reese, askari aliyetoka siku zijazo, anafia kiwandani akimlinda Sarah Connor, mwanamke aliyemfahamu kwa siku chache tu. Filamu inakwisha Sarah akiwa ndani ya gari, mja mzito, akimrekodia mtoto asiyezaliwa sauti yake kwenye kaseti, na mbele yake wingu la dhoruba. James Cameron aliporudi mwaka 1991 na sehemu ya pili, alianza na matokeo ya kifo kile: Sarah amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, amekuwa mgumu kama chuma, na mwanawe analelewa na watu baki. Gharama ya 1984 inaonekana kwenye kila msuli wa mkono wake. Ndiyo maana sehemu ile ya pili inasimama bega kwa bega na ya kwanza, na wengi huiweka juu yake. Cameron alikuwa amekwisha kufanya hivyohivyo mwaka 1986 katika Aliens, alipomwamsha Ripley, aliyenusurika katika Alien, baada ya usingizi wa miaka 57 angani, kila aliyemjua akiwa amezeeka au amekufa, na ndoto za yule mnyama wa 1979 zikimkaba usiku. Kisha tazama yaliyofuata. Mwaka 2003 Terminator ya tatu ikatangaza kwamba vile vita vilivyozuiwa kwa kujitoa mhanga havikuzuiwa, viliahirishwa tu. Mwaka 2019, Terminator: Dark Fate ikampiga risasi John Connor, yule mtoto ambaye filamu mbili nzima zilimwaga damu ili aishi, katika dakika za mwanzo kabisa, ili hadithi nyingine ipate nafasi. Mtazamaji aliyelia mwaka 1991 aliambiwa machozi yake yalikuwa ya bure. Dunia ilijibu kwa kutokwenda, na filamu hiyo ikaingiza hasara.

Star Wars ilifanya vibaya zaidi, na hapa uvumilivu unakwisha. Mwaka 1983, mwishoni mwa Return of the Jedi, Darth Vader anamwona mwanawe akiteswa, anamnyanyua Mfalme aliyemtumikia kwa miaka mingi na kumtupa shimoni, naye mwenyewe anakufa kwa kitendo hicho. Filamu tatu zilijengwa kuelekea dakika ile moja: baba mwovu anamchagua mwanawe na kulipa kwa uhai wake. Mwaka 2019, The Rise of Skywalker ikamrudisha Mfalme yuleyule, akiwa hai, bila hata maelezo yanayomheshimu mtazamaji. Basi yule baba alifia nini? Hili si kosa dogo la uandishi ambalo mtu anaweza kulifumbia macho kwa sababu mapanga ya mwanga yanang'aa vizuri. Ni kuingia nyumbani kwa mtu na kufukua kaburi la babaye ili upate mahali pa kuweka kibanda cha biashara. Waliofanya hivyo walijua wanachofanya. Walichokosa ni hadithi mpya, na badala ya kuitafuta wakaenda makaburini.

Sasa tuirudie Black Panther, maana ndiyo inayotuhusu. Filamu ya 2018 iliingiza takriban dola bilioni 1.35 na kushinda tuzo tatu za Oscar, lakini huku kwetu hesabu hizo hazikuwa kitu. Kilichokuwa kitu ni kwamba taifa la Kiafrika, Wakanda, lilikuwa limetangulia dunia nzima kwa sayansi, na kwamba Nakia, jasusi wa taifa hilo, aliigizwa na Lupita Nyong'o wetu. Ilipozinduliwa Kisumu Februari mwaka huo, gavana aliyewapokea wageni alikuwa babaye, Anyang' Nyong'o. Kisha Agosti 28, 2020, Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, akafa kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Desemba mwaka huo Marvel ikatangaza kwamba hakuna mwigizaji mwingine atakayechukua nafasi ya T'Challa. Ulikuwa uamuzi adimu wa kampuni kubwa kuikubali hasara.

Matunda yake yakaonekana katika Wakanda Forever ya Novemba 2022. Filamu ina kasoro, tena nyingi. Ina urefu wa dakika 161, na humo wamesongamana mfalme wa baharini, msichana mvumbuzi kutoka Marekani na majasusi wa CIA wanaogombana, mpaka mtu anasahau nani anamtafuta nani. Hata hivyo, filamu hii inaweza kukaa meza moja na ile ya kwanza, na sababu iko kwenye dakika zake za mwanzo. Shuri yuko maabara anahangaika kutengeneza dawa ya kumwokoa kakaye, T'Challa, mama yake anaingia na kumwambia mgonjwa amekwenda. Kisha msiba: Wakanda nzima imevaa nyeupe, jeneza linabebwa, watu wanacheza na kulia kwa wakati mmoja kama inavyokuwa kwetu. Nembo ya Marvel, ambayo kwa kawaida huingia kwa muziki wa kishindo, inapita kimya kabisa ikiwa na picha za Boseman peke yake. Mwishoni Shuri ameketi ufukweni Haiti, nguo yake ya msiba inateketea motoni kama desturi inavyotaka, na kumbukumbu za kakaye zinapita mbele yake bila sauti. Hakuna mlipuko wowote ndani ya filamu hiyo wenye nguvu kama kimya kile. Ni mwendelezo uliobeba hasara mabegani kutoka mwanzo hadi mwisho, ukawa mkubwa kwa sababu ya uzito huo.

Wanaotaka T'Challa arudi wana hoja moja nzito kuliko zote nilizotaja. Wanasema T'Challa si mali ya mwigizaji. James Bond ameigizwa na wengi na bado ni Bond. Na watoto Weusi waliopewa mfalme mmoja wamenyang'anywa kabla hawajamzoea. Mwaka 2020 hoja hiyo ilikuwa na miguu. Leo haina. Bond hajawahi kuzikwa na mamake ili siku ya pili aonekane sokoni ana sura nyingine. T'Challa amezikwa, tena mbele yetu sote. Nguo za msiba zimechomwa. Mama aliyemlilia, Ramonda, naye amekufa maji katika filamu hiyohiyo. Ukimleta T'Challa mwingine, kutoka ulimwengu sambamba au kwa hila yoyote ya kisayansi, unayageuza mazishi yale kuwa maigizo ya muda, na kimya kile kuwa hila ya kutuliza watu mpaka mwigizaji apatikane. Tena haja yenyewe haipo. Wakanda Forever iliacha mlango wa halali: Nakia anamtambulisha kwa Shuri mtoto mdogo aitwaye Toussaint, mwana wa T'Challa, ambaye jina lake la Kiwakanda ni T'Challa. Mfalme ajaye yuko Haiti, anakua. Atakayeshindwa kuona hadithi ndani ya mtoto huyo hafai kukabidhiwa kamera.

Watetezi wa Downey nao husema kwamba Doom si Stark, ni sura moja tu kwa watu wawili, na kwamba Cameron alifanya vivyo hivyo mwaka 1991 alipoigeuza sura ya Arnold Schwarzenegger kutoka mashine ya kuua kuwa mashine ya kulinda. Mfano huo unawageukia. Mashine ya 1984 ilikufa ikiwa adui, na hakuna aliyeililia. Aliyeliliwa ni Kyle Reese, na Cameron hakumfufua. Sura ya Downey ndiyo iliyoliliwa mwaka 2019. Kuirudisha ni kuuza machozi yaleyale mara ya pili.

Wengine husema shujaa wa ngano hafi, kwa hiyo tuwaache Wamarekani wafufue watakavyo. Ngano zetu hazisemi hivyo. Fumo Liyongo wa pwani alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, akapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakakaa siku kadhaa wakiogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Lwanda Magere wa Wajaluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, aliuawa kwa mkuki uliopigwa kwenye kivuli chake baada ya mke kuifichua siri. Karne zimepita na bado wanasimuliwa, na hakuna msimulizi aliyeona haja ya kumwinua Liyongo pale kisimani. Ile hofu ya wateka maji ndiyo hadithi.

Kenya yenyewe ina filamu ya kisayansi inayopendwa, na imebeba fundisho hili kwa ukamilifu. Pumzi ya Wanuri Kahiu, iliyotengenezwa 2009 na kuonyeshwa Sundance mwaka uliofuata, ina dakika 21 tu. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, wanakunywa mkojo na jasho lao lililosafishwa, na ndoto zao huzuiwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai na kutoroka nao nje, jangwani, akitafuta mti aliouota. Anauotesha mche, anaumiminia maji yake ya mwisho, anaukamulia jasho lake, kisha anajilaza kuukinga na jua. Kamera inapanda juu, Asha anabaki mdogo mchangani, na mti unachipuka pale alipolala.

Kwa miaka mingi kumekuwa na mazungumzo ya kuirefusha filamu hiyo, na ni jambo la kutamanika, kwani nchi iliyozaa Pumzi inastahili kuwa na filamu nyingi za aina hiyo. Lakini atakayeiandikia sehemu ya pili aanze na mti. Asha asiguswe.