Moshi Wetu, Tuwaachie Wanafunzi Wauchunguze



Ndugu wazazi na wanafunzi, tukizungumzia usafi mara nyingi tunaishia kwenye maji, nguo na uwanja wa nyumba. Hewa tunaisahau, na hali hakuna anayeweza kukaa dakika chache bila hiyo. Huku kwetu, kuanzia Kabonga hadi Rumonge, moshi umeshikana na riziki: mawese yanachemshwa kwenye mapipa, jikoni ni kuni na makaa, takataka zinachomwa pembeni ya njia. Kwa kuwa tumeuzoea, tunadhani hauna madhara.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Huo ni umri wa watoto wanaobebwa mgongoni mama akipika.

Rai yangu ni kwamba kazi ya kuuchunguza moshi huu tuwape wanafunzi wetu, wa shule na wa madrasa. Kule Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mradi wa AirQo mwaka 2015, wakatengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu, vingine wakavifunga kwenye bodaboda. Sisi hatuna vipimo hivyo, lakini tuna macho na daftari. Mwanafunzi apake mafuta ya mgando kwenye vipande vya kadi nyeupe, atundike kimoja jikoni, kimoja uani, na kimoja karibu na wanapochemsha mawese. Baada ya siku moja alinganishe. Kadi haionyeshi chembe ndogo kabisa, ambazo ndizo hatari zaidi, ila inatosha kuwafungua watu macho. Aandike pia saa na upande wa upepo. Wavuvi wanajua: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Huenda kubadili tu saa au mahali pa kuchemshia kukaziokoa nyumba nyingi.

Wapo watakaosema watoto wanawakosea adabu wakubwa, au wanataka kuwafungia watu riziki. Sivyo. Mwenye mtambo wa mawese ni mzazi wa mwanafunzi mwenzao, na mama anayepika kwa kuni hakuzichagua kwa kuzipenda. Kwa hiyo waje na yanayowezekana: kuni zikaushwe vizuri, jiko liwe na tundu la kutolea moshi, mtoto mchanga asikae jikoni, plastiki isitumike kuwashia moto, mitambo iwekewe bomba refu la moshi. Nasi wakubwa tusikilize kabla ya kukasirika.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Moshi unaoingia kifuani mwa jirani nao unaudhi. Mtoto akikuletea kadi yake nyeusi, usimfukuze, muulize aliitundika wapi.

Wabillahi tawfiq.