Programu ya kompyuta haijengwi kwa karatasi pekee

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila kampuni iundayo programu za kompyuta kwa agizo la mteja, na kila shule inayotaka kuiagiza, iwe ni ya kuweka hesabu za karo au ya kutunza alama za mitihani. Desturi iliyozoeleka ni kuwa mteja hueleza atakayo, fundi huandika, mkataba hutiwa sahihi, kisha kila mmoja hushika njia yake hadi siku ya kukabidhiana kazi. Je, desturi hii yatosha?

Mwaka 2005 ulitupa mifano miwili ya kupima swali hilo.

Wa kwanza ulitokea Marekani. Shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, lilikuwa limeipa kampuni ya SAIC, mwaka 2001, kazi ya kuunda programu ya kuhifadhi majalada ya kesi. Haikosi watu waliulizwa: mahitaji yao yalijaza waraka wa kurasa zaidi ya 800. Lakini maagizo yalibadilishwa tena na tena, na mpango ukawa kuianzisha programu kwa mpigo mmoja badala ya hatua kwa hatua. Mradi huo ulitupiliwa mbali mwaka 2005, ukiwa umegharimu takriban dola milioni 170.

Wa pili ulitokea hapa kwetu. Oktoba mwaka huohuo, Vodafone ya Uingereza na Safaricom zilianza kufanyia majaribio programu iliyoundwa na kampuni ya Sagentia ya huko Uingereza. Nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa shirika la Faulu Kenya kulipa mikopo yao kwa simu. Waliohusishwa hawakufika hata 500, wakiwa Nairobi na Thika. Punde ikabainika kuwa watu wanaitumia kwa mambo ambayo hayakuwa katika mpango: kuwatumia jamaa zao fedha mashambani, kulipana katika biashara, hata kuweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Kwa upande wake, Faulu ilipata taabu kuoanisha malipo hayo na vitabu vyake. Waliohusika hawakung'ang'ania mpango wa awali. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, lengo lilikuwa kutuma fedha nyumbani.

Tusifasiri mifano hii vibaya. Mabadiliko yalikuwepo kotekote. Tofauti ni kwamba kule yalitoka mezani, ilhali huku yalitoka mikononi mwa watumiaji. Hata mwenye kitanda hawajui kunguni mpaka akilalie!

Wapo watakaosema kuwa kampuni haiwezi kufanya kazi na mteja asiye na msimamo, nayo bei imekwisha kukubaliwa. Hoja hiyo ina uzito. Dawa yake ni mkataba wa hatua kwa hatua: sehemu ndogo iundwe, karani wa karo aitumie kwa muhula mmoja, kasoro zirekebishwe, malipo ya hatua hiyo yatolewe, ndipo sehemu ya pili ianze. Shule itakayokataa utaratibu huu kwa kuwa na haraka, huenda ikapoteza fedha za wazazi ambao hawakuulizwa lolote.

Walimu wa somo la kompyuta wana jukumu hapa. Mwanafunzi apewapo zoezi la kuunda programu ya maktaba, kwanza atumwe akakae na mkutubi mchana kutwa. Akisha kuunda sehemu ya kwanza, arudi tena, anyamaze, amtazame mkutubi akiitumia. Hapo ndipo atakapoona makosa ambayo mkutubi mwenyewe asingeweza kumweleza siku ya kwanza.