KLABU MPYA YA MPIRA: ITAKUWA YA NANI?



Siku hizi katika karakana, stesheni na ofisi za reli habari ni moja: ianzishwe klabu mpya ya mpira wa kulipwa, yenye timu mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Habari hii ni njema, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini tumesikia pia jinsi watu wengine wanavyotaka kuipanga. Wako wasemao tumtafute kwanza tajiri mmoja wa kutubeba, na katiba itaandikwa baadaye. Wako wasemao timu ya wanaume ianze, na ya wanawake itafuata hapo pesa zitakapopatikana. Maneno hayo mawili twayapinga, na leo twataka kueleza kwa nini.

Twasema hivi: klabu ni ya yule mwenye daftari la wanachama, kitabu cha hesabu na uwanja. Kuvaa jezi hakumfanyi mtu kuwa mwenye klabu, wala kupiga kelele kando ya uwanja. Ikiwa vitu hivyo vitatu haviko mikononi mwa wanachama tangu siku ya kwanza, klabu itatutoka, na timu ya wanawake ndiyo itakayotupwa nje kwanza. Hatubahatishi. Mambo haya yamekwisha kutokea, tena kwa watu wa reli kama sisi.

WATU WA RELI WALIOPOTEZA KLABU YAO

Wengi wetu Jumamosi ikifika huifuata Manchester United kuliko timu za nyumbani. Je, ni wangapi wajuao ya kuwa klabu ile ilianzishwa na wafanyi kazi wa reli? Mwaka 1878 mafundi wa idara ya mabehewa katika karakana ya Newton Heath, ya reli ya Lancashire na Yorkshire, waliunda timu yao wakacheza na idara nyingine za reli. Hawakuwa na tajiri. Walikuwa na miguu yao na jioni zao baada ya kazi.

Timu ikakua, na mwaka 1892 ikaingia katika ligi ya Uingereza. Madeni nayo yakakua. Mwaka 1902 klabu ilidaiwa zaidi ya pauni 2,600, ikakaribia kufungwa. Ndipo akaja John Henry Davies, mwenye kiwanda cha pombe, pamoja na matajiri wenzake, wakatoa pesa. Jina la Newton Heath likafutwa, ikawa Manchester United. Klabu ikapona, ni kweli. Lakini ilikuwa imekwisha kupata wenyewe wengine, na fundi wa mabehewa akabaki mtu wa kununua tikiti mlangoni.

Tuendelee mbele. Mwaka 1991 hisa za klabu ziliuzwa katika soko la London. Mwaka 2005 jamaa ya Glazer kutoka Marekani waliinunua, na sehemu kubwa ya bei ilikuwa pesa za mkopo, nao mzigo wa mkopo ule wakautwika klabu yenyewe. Ni kama mtu anunue ng'ombe wako kwa deni, kisha deni lilipwe kwa maziwa ya ng'ombe yule yule. Watazamaji waliandamana na kupiga kelele. Walikuwa na sauti nyingi. Kura hawakuwa nayo.

Na katika mwaka huo huo wa 2005 klabu ile kubwa iliivunja timu yake ya wanawake. Miaka 13 ikapita bila timu, mpaka mwaka 2018 ilipoundwa upya. Mwaka 2024 wanawake hao wakatwaa Kombe la FA pale Wembley kwa kuwafunga Tottenham mabao 4 kwa 0. Basi twauliza: katika miaka ile 13, wachezaji hawakuwako? Walikuwako. Aliyekosekana ni mtu wa kuwatetea mezani mahali pesa zinapogawanywa.

WATAZAMAJI 53,000 HAWAKUWAOKOA

Mtu atasema, "Wanawake wangekuwa na watazamaji, wangeheshimiwa." Hayo nayo twayajibu kwa mambo yaliyotokea. Katika mji wa Preston, Uingereza, kilikuwako kiwanda cha Dick, Kerr kilichotengeneza tramu na vyombo vya reli, na wakati wa vita vya kwanza kikatengeneza risasi za mizinga. Wanawake wa kiwanda kile waliunda timu mwaka 1917, wakacheza ili kuchangia askari waliojeruhiwa. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watu 53,000, na maelfu wengine wakazuiwa nje kwa kukosa nafasi. Mwaka 1921, waajiri walipowafungia kazi wachimba makaa ya mawe, wanawake walicheza mpira kuchangia chakula cha jamaa zao.

Je, walilipwa nini? Tarehe 5 Desemba 1921 wakubwa wa mpira wa Uingereza walitangaza ya kuwa mchezo huu hauwafai wanawake, wakaviagiza vilabu vyote visiwape viwanja. Amri ile ilidumu karibu miaka 50. Hawakuhitaji kumkamata mtu wala kumtoza faini. Ilitosha kufunga lango, maana funguo za lango hawakuwa nazo wanawake. Mwenye watazamaji 53,000 alishindwa na mwenye ufunguo mmoja.

NA HAPA KWETU?

Hapa Kenya hatuna haja ya kuuliza kama wanawake wanaweza mpira. Mwaka 2016 Harambee Starlets walifika fainali za Kombe la Afrika huko Kameruni. Mwaka 2021 Vihiga Queens walishinda mashindano ya kanda yetu, wakacheza katika Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika ilipoanza mwaka ule. Na mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya mpira ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Huko wakawafunga Mexico mabao 2 kwa 1. Wanaume wetu, pamoja na pesa zote walizotumiwa tangu Uhuru, hawajafika. Basi asemaye timu ya wanawake ingoje nyuma, na atuambie ingoje nani.

Na asemaye tajiri ndiye dawa, na akumbuke mwaka 2019. Kampuni moja ya kamari, SportPesa, ilikuwa ikifadhili ligi kuu ya Kenya pamoja na vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards. Ilipogombana na Serikali juu ya leseni na kodi, ilisimamisha ufadhili wake wote hapa nchini. Hatuingii katika ugomvi wao. Twasema tu ya kuwa wachezaji hawakuwa na neno katika ugomvi ule, lakini mifuko iliyotoboka ilikuwa yao. Behewa lililofungwa kwa mnyororo mmoja, mnyororo ukikatika hurudi nyuma mteremkoni lenyewe.

Hatukatai mfadhili. Aje, aandike jina lake kifuani mwa jezi, alipe, na tumshukuru. Lakini kura asinunue.

HESABU BILA KUDANGANYANA

Tupige hesabu kama watu wazima. Tuseme tumepata wanachama 5,000, kila mmoja atoe shilingi 50 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 250,000 kwa mwezi, yaani 3,000,000 kwa mwaka. Ni pesa nyingi mpaka uzigawanye. Timu mbili za watu 20 ni wachezaji 40, na kila mmoja angepata shilingi 6,250 kwa mwezi, kabla hatujanunua mpira mmoja wala kulipa nauli ya safari moja. Huo si mshahara wa mtu mwenye watoto.

Kwa hiyo tusimdanganye kijana yeyote, wa kiume wala wa kike, ya kuwa ada zetu peke yake zitamfanya mchezaji wa kulipwa. Kazi ya ada ni kulinda mamlaka: kuandikisha klabu, kukodi uwanja kwa mkataba wa miaka mingi kwa jina la klabu, na kulipa mwenye kukagua hesabu. Mishahara itoke katika kiingilio, wafadhili na mauzo. Ikiwa mwaka wa kwanza pesa zatosha kulipa siku za mazoezi na mechi tu, na wachezaji waendelee na kazi zao nyingine, basi tuseme hivyo waziwazi na tuandike hivyo katika mkataba. Ahadi ndogo inayotimizwa ni bora kuliko kubwa inayokimbiwa.

Atakayesema jambo hili haliwezekani, na atazame tena Manchester. Mwaka ule ule wa 2005 watazamaji waliochukizwa waliondoka wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester, ambayo kila mwanachama ana kura moja, hata mwenye pesa nyingi. Mwaka 2012 wakaongeza timu ya wanawake. Mwaka 2015 wakafungua uwanja wao wenyewe huko Moston, si mbali na Newton Heath ya mafundi wa zamani. Na klabu ya mji mdogo wa Lewes, kusini mwa Uingereza, ambayo tangu 2010 ilikuwa mikononi mwa wanachama, mwaka 2017 ilitangaza ya kuwa timu yake ya wanawake na ya wanaume zitapewa pesa sawasawa. Vilabu hivi ni vidogo, havishindi makombe makubwa. Lakini viliweza kuamua, kwa sababu waliopiga kura ni wanachama.

MCHEZAJI NI MFANYI KAZI

Neno jingine lafaa kusemwa na chama cha wafanyi kazi kuliko mtu mwingine. Mchezaji wa kulipwa ni mfanyi kazi. Wachezaji wa Manchester United walijua hivyo mapema. Mwaka 1907 chama cha wachezaji kiliundwa katika mji wao, na mwaka 1909 wakubwa wa mpira walipoamuru wachezaji wote wakiache, wao walikataa, wakasimamishwa, wakafanya mazoezi yao wenyewe mpaka chama kikakubaliwa. Na mwaka 1961 wachezaji wa Uingereza, kwa kutishia mgomo, waliuvunja mpaka wa mshahara uliowazuia kupata zaidi ya pauni 20 kwa wiki.

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 yataka malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa, nayo yampa mama mfanyi kazi likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kanuni ya FIFA ya tangu 2021 yampa mchezaji wiki 14 kwa theluthi mbili za mshahara. Hapo klabu yetu ifuate sheria ya nchi katika mshahara na kanuni ya FIFA katika urefu wa likizo, yaani ichukue lililo jema la kila upande. Chama kinachodai haki kwa mwajiri kisiwe mwajiri mwenye kunyima haki nyumbani kwake.

MADAI YETU

Basi, kabla ya jezi kushonwa na kabla ya mgeni wa heshima kualikwa kupiga mpira wa kwanza, twataka haya:

1. Katiba isomwe kwa Kiswahili katika kila tawi, ikubaliwe kwa kura, ndipo klabu iandikishwe kwa Msajili wa Michezo kama itakavyo Sheria ya Michezo ya 2013.

2. Mwanachama mmoja, kura moja. Klabu isiuzwe wala jina lisibadilishwe bila kura ya wanachama wote.

3. Timu mbili zianze siku moja. Kifungu cha katiba kiseme ya kuwa hakuna timu itakayovunjwa huku nyingine ikiendelea.

4. Mfuko uwe mmoja, na malipo ya wachezaji, waganga na safari yagawanywe sawasawa kati ya timu mbili.

5. Nusu ya halmashauri iwe wanawake, nao wasipewe kazi ya chai na usafi. Mweka hazina pia aweza kuwa mwanamke.

6. Hesabu zibandikwe ukutani kila miezi mitatu, mahali mtu yeyote aweza kuzisoma.

7. Kila mchezaji awe na mkataba wa maandishi, bima ya kuumia kazini, na ruhusa ya kujiunga na chama.

Watakaosema madai haya yanachelewesha mambo, twawajibu ya kuwa sisi ni watu wa reli. Twajua gari la moshi haliondoki mpaka breki zimepimwa, na hakuna abiria mwenye akili aliyelalamika juu ya hilo. Mafundi wa Newton Heath walitengeneza mabehewa imara, lakini klabu yao haikuwa na breki, ikawaacha stesheni.

Njoni katika mikutano ya matawi. Wanawake wa ofisi, wa stesheni na wa karakana wasingoje kuitwa. Klabu hii ni yao tangu mstari wa kwanza wa katiba. Mwenye swali na alete swali, mwenye kupinga na apinge hadharani. Lakini mtu asiinue mkono kukubali klabu ambayo hajaisoma katiba yake.

Umoja ni nguvu.