Radio ya Kijiji, Nani Ataitunza?

Wako watu wenye kusema: anayetaka radio ailipie mwenyewe, Serkali isitumie fedha ya kodi juu ya kazi hiyo. Neno hilo mjini linasikika kuwa na akili. Tulipeleke basi kijijini, tuone ginsi litakavyosimama.

Tazameni inchi ya Marekani. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuanzisha shirika la kugawanya fedha ya Serkali kwa radio na televisheni zisizo za biashara. Siku za mwisho fedha ile ilikuwa dola milioni 535 hivi kwa mwaka, katika inchi ya watu zaidi ya milioni 330. Fanyeni hesabu: haifiki dola mbili kwa mtu! Lakini Julai 2025 Baraza lao lilifuta fedha ya miaka miwili iliyokwisha kukubaliwa, Rais Trump akatia sahihi tarehe 24. Ati radio hizo, hasa NPR ya Washington, zinapendelea upande mmoja wa siasa.

Haya, hata kama NPR ina kosa, yenyewe ilipata moja kwa moja kutoka mfuko ule karibu sehemu 1 tu katika 100 ya mapato yake. Nani basi aliyepigwa? KYUK, radio ya Bethel katika Alaska, inayosema Kiyup'ik na Kiingereza tangu mwaka 1971. Bethel haina barabara ya kuiunga na miji mingine. Watu hufika kwa ndege au kwa mto. Radio hiyo ilitegemea mfuko ule kwa sehemu kama 70 katika 100. Anayeshtakiwa yuko mjini, na fimbo imeanguka mgongoni mwa mwana-kijiji.

Tena wanasema: wafanya biashara watalipia matangazo. Wafanya biashara gani? Penye maduka machache, nani atanunua tangazo la sabuni, na kila mtu anajua sabuni iko wapi?

Wengine wanaogopa kwamba fedha ya Serkali huleta mdomo wa Serkali. Woga huo tunauheshimu, sababu tunaujua. Ndiyo maana sheria ya 1967 iliwakataza wakubwa wa Serkali kuamuru maneno ya kutangaza.

Tarehe 16 Julai 2025, maseneta wakiwa bado wanabishana juu ya fedha hiyo, inchi ilitetemeka kwa nguvu ya 7.3 karibu na Sand Point, Alaska. Watu waliogopa bahari itapanda. Radio ndogo ya pale, KSDP, ikawaonya wakimbilie juu. Oktoba ikaja dhoruba Halong, ikaharibu Kipnuk na Kwigillingok, watu zaidi ya elfu wakahamishwa.

Januari 2026 wakubwa wa lile shirika walipiga kura kulivunja. Tunawauliza waliofuta fedha: dhoruba nyingine ikija usiku, nani atawaonya wazee wa pwani ile kwa luga yao, na nani atamlipa mshahara?