Maskati na Unguja ni Mwendo wa Saa Ngapi?

Kila mwaka ukurasa huu hunipa nafasi ya kuurejea ualimu wangu. Safari hii somo ni hesabu, na aliyeikosea ni mwalimu mwenyewe.

Baina ya kiwanja cha ndege cha Maskati, ambacho wengi wetu bado twakiita Seeb, na kile cha Unguja tulichokizoea kwa jina la Kisauni, masafa kwa mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 3,900. Mstari huo huteremka kusini-magharibi, hupita karibu na Salala, hukata Ghuba ya Aden na pembe ya Somalia, ndipo ukafika kwetu. Wazee wetu hawakuweza kuufuata, kwani jahazi haipandi nchi kavu. Walizunguka Ras Asir kwa pepo za kaskazi, na safari ikala wiki tatu, nne au zaidi. Ndege isiyotua njiani huchukua saa 5 au 5 na nusu.

Wajukuu hunijia na tiketi wakaniuliza: "Babu, mbona kwenda ni saa 4 na nusu, na kurudi ni saa 6 na nusu?" Jawabu ni kuwa tiketi huandika saa za mji wa kuondokea na saa za mji wa kufikia. Omani iko saa 4 mbele ya Greenwich, na Unguja saa 3. Jua hukata digrii 15 kwa saa, na baina yetu zipo digrii 19 za longitudo. Basi ukienda punguza saa 1, ukirudi ongeza saa 1.

Hesabu hii nimeisomesha miaka mingi. Lakini miaka michache nyuma, saa 12 asubuhi, simu ililia. Alikuwa mpwa wangu wa Unguja: "Mjomba, mama ametutoka. Tunazika saa 10." Ndege ya saa 5 asubuhi ilikuwepo, na nafasi ilikuwepo. Nikahesabu kwa vidole: saa 5, ongeza 5 na nusu, nitatua saa 10 na nusu. Nikamwambia, "Zikeni, mwanangu, sitowahi." Nikakaa kitako nikamsomea dada yangu Yasini.

Usiku mpwa wangu alipiga tena. Akataja saa iliyokuwa kwao, nami nikatazama saa ya ukutani kwangu, nikanyamaza. Ndege ile ilitua saa 9 na nusu kwa saa za Unguja. Kiwanja si mbali na mji. Pengine nisingeiwahi sala, lakini kaburini ningelitia udongo wangu. Na lau ningewaomba waningoje kidogo, wangelingoja.

Sikukosea kwa kutojua. Sauti ya kijana ilikuwa karibu mno sikioni hata nikasahau kwamba jua lake si jua langu.

Basi, ndugu zangu, mkipigiwa simu ya msiba, ulizeni kwanza: "Saa zenu au zetu?" Kisha mpeni mtu mwingine wa nyumbani aifanye hesabu, kwani mwenye kufiwa hana hesabu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, huku na kule.

Wabillahi tawfiq.